Naomba ushauri: tamagoyaki (kimanda cha Kijapani cha kukunja) inapasuka ninapoikunja

Habari zenu wapendwa. Wikendi napenda kuandaa kifungua kinywa cha Kijapani chenye rangi tano: wali mweupe, figili nyekundu za siki, spinachi ya kuchemsha, nori nyeusi (karatasi za mwani mkavu) na tamagoyaki ya njano. Sahani ikipangwa inapendeza kweli, hata kabla ya kuonja.

Kinachonikwamisha ni tamagoyaki. Naweka mayai 3, mchuzi wa dashi (supu nyepesi ya Kijapani ya mwani na samaki mkavu) vijiko 3 vya chakula, sukari na sosi ya soya kidogo, kisha nakunja tabaka kwa tabaka kwenye kikaango cha duara (cha mstatili sina). Inapasuka na kuvuja maji. Nimepunguza moto, nimepaka mafuta kila tabaka, bado.

Je, dashi imezidi kwa mayai hayo? Na tabaka likunjwe juu likiwa bado bichibichi, au likishaiva kabisa?