Katuni, sala ya jioni na swali la nani ana nguvu zaidi

MzaziWaWawili
Wazazi wenzangu, shikamooni wakubwa, na wengine habari za jioni. Nina watoto wawili, miaka 4 na 9. Kila jioni katuni na sala vinagombania muda uleule. Ukizima televisheni ni kilio, na sala inaanza na mtu mmoja ana kwikwi. Wa miaka 4 anamwomba Mungu joho la kupaa, kisha badala ya amina anafunga kwa kibwagizo cha katuni. Sitaki sala iwe adhabu, wala sitaki kuwanyima katuni wanazozipenda. Nipange vipi jioni? Na nimjibu nini anapouliza kama Mungu anaweza kumshinda yule shujaa mwenye joho?

BabaRatiba
Anza na kile kitufe cha kucheza chenyewe. Kipindi kikiisha, kinachofuata kinaanza baada ya sekunde chache, mtoto anaona mwanzo, halafu ndiyo unazima. Kwake hujamaliza kipindi, umemkatiza kipya. Hapo ndipo kilio kinapotoka. Netflix mpangilio huo unakaa kwenye wasifu wa kila mtazamaji, kwa hiyo uzime kwenye wasifu wa mtoto, si wako peke yake. YouTube kuna swichi yake kwenye kichezaji.

Pili, hesabu kwa vipindi, usihesabu kwa dakika. Vipindi vingi vya watoto wadogo vina dakika 7, 11 au 22. "Viwili halafu basi" mtoto wa miaka 4 anaelewa. "Dakika ishirini" ni maneno tu kwake. Mwache azime yeye mwenyewe kwa rimoti.

Tatu, usitoke kwenye skrini moja kwa moja hadi kwenye sala. Weka dakika 10 katikati: maji, mswaki, nguo za kulalia. Mwili unatulia.

Sala yenyewe isizidi dakika 5 kwa umri huo. Wimbo mmoja, kila mtu shukrani moja, kila mtu ombi moja, Baba Yetu, mmemaliza. Ukitaka Neno, Zaburi ya 117 ina mistari 2 tu. Kitabu cha Yona kina sura 4, ni usiku nne kamili, na samaki hajawahi kumchosha mtoto.

Jambo moja naomba sana: usimsemee mtoto kwa Mungu mbele yake. "Ee Bwana, msaidie huyu aache kumng'ata dada yake" si sala, ni hati ya mashtaka, na mshtakiwa amefumba macho hawezi kujitetea. Hilo ongea naye mchana.

MwalimuWaJumapili
Kuhusu joho: usimsahihishe katikati ya sala. Anamwomba Mungu kitu anachokitaka kweli, na hilo ndilo tunalomfundisha. Kibwagizo nacho acha kipite, wewe sema "amina" kwa sauti baada yake kila siku. Atakufuata.

Swali la nguvu usilijibu kama mechi. Ukisema "Mungu anamshinda", umeshawaweka uwanja mmoja, na kesho ataleta shujaa mwingine. Uliza, "Huyu nani alimchora?" Watu. "Na hao watu nani aliwaumba?" Mtoto anafika mwenyewe. Kwa wa miaka 4, ambaye bado anachanganya cha kuigiza na cha kweli, ongeza swali la mkono: "Huyu tunaweza kwenda kumshika mkono?"

Kisha msomee Daudi. 1 Samweli 17 ina mistari 58, atalala kabla jiwe halijarushwa. Soma 38 hadi 50 peke yake. Hapo Sauli anamvika Daudi mavazi yake ya vita, Daudi anajaribu kutembea, anashindwa, anayavua. Anachukua mawe 5, linalotumika ni 1. Kwa mtoto anayetaka joho hakuna kipande kizuri zaidi: shujaa aliyevua vazi ndipo akashinda. Samsoni (Waamuzi 13 hadi 16) mwachie wa miaka 9. Mwishoni macho yanang'olewa na jengo linaangukia watu, si habari ya kulalia.

UmmuWatatu
Kwetu Waislamu swali hilo lina jibu ambalo mtoto wa miaka 4 analihifadhi: Surat Al-Ikhlas, aya 4. Ya mwisho inasema hakuna hata mmoja anayefanana na Yeye. Akiuliza kuhusu shujaa, mwambie aisome mwenyewe, halafu mzungumze.

Ila hapo kwa BabaRatiba naongeza kitu. Kwa wanaofuata sala ya Maghribi, saa ya ukutani haitoshi, kwa sababu jua linasogea mwaka mzima. Ukisema "katuni mwisho saa kumi na mbili na nusu", miezi kadhaa baadaye kipindi kinakutana na adhana. Funga katuni nusu saa kabla ya jua kuzama, muda wa udhu uwepo bila mbio.

MkaguziWaFilamu
Kwa wa miaka 9, msiamini alama ya umri ya filamu peke yake. PG-13 ya Marekani ilianza 1984, 12A ya Uingereza 2002. Zote zinapima zaidi ukali wa mapigano, lugha na vitisho. Hazikuambii kama uongo unalipa ndani ya hadithi. Tazama wewe kwanza, hasa dakika 20 za mwisho, maana vitisho vikubwa hurundikwa huko.

Mkitazama pamoja, simamisha mara mbili tu, na kamwe si kwenye kilele. Ukisimamisha hapo hatasikia swali lako. Uliza "Nani amesamehe hapa?" au "Wewe ungemwambia ukweli?" Kisha nyamaza, usimalizie kwa hotuba. Na wa miaka 4, mwongozo wa 2019 wa Shirika la Afya Duniani (WHO) ni skrini isiyozidi saa 1 kwa siku, na pungufu ni bora.

MzaziWaWawili
Asanteni sana. Kitufe kinazimwa leo. Na wa miaka 9 akisema sala inachosha?

MwalimuWaJumapili
Mpe kazi, mzazi mwenzangu. Yeye ndiye achague wimbo, asome mistari, na aulize kila mtu ombi lake. Badilisha zamu kila wiki, mdogo naye apate kuwasha taa ya kando na kusema "tuombe". Akiruka mstari usimkatize.