Wakala wa bima ya afya: nibaki au nihame?

Habari zenu wadau. Mimi ni wakala wa bima ya afya hapa Mombasa, mwaka wa sita sasa. Wateja wangu wengi ni biashara ndogo: duka la vipuri, chekechea, kampuni ya utalii yenye watu kumi na wawili.

Tangu SHA, bima mpya ya afya ya serikali, ichukue nafasi ya ile ya zamani, NHIF, Oktoba 2024, mauzo yamekuwa magumu. Mwenye mshahara wa shilingi 100,000 alikuwa akikatwa 1,700. Sasa ni asilimia 2.75, yaani 2,750, na hakuna kikomo cha juu. Ongeza makato ya serikali ya nyumba za bei nafuu, asilimia 1.5. Nikifika na fomu zangu naambiwa, "Dada, ya lazima tumeshakatwa, hii nyingine ya nini?" Wateja wawili hawakuhuisha mwaka huu, na kamisheni yao imekwenda.

Lakini kuna wanaonipigia wenyewe, kwa sababu walifika hospitali na kadi ya serikali wakaambiwa walipe taslimu. Hao ndio wananipa moyo. Naamini bima binafsi bado ina kazi, hasa ya kuongezea pale SHA inapoishia.

Kwa mliomo kwenye fani hii: niendelee na afya, au nigeuzie nguvu bima ya magari na ya maisha? Na aliyetoka uwakala akaingia udalali wa bima, yaani kumtafutia mteja bima badala ya kuiuzia kampuni, mtaji na leseni vilimsumbua kiasi gani? Mwanangu anaanza shule mpya Januari, kwa hiyo siwezi kubahatisha. Naomba ushauri wenu.