Naomba ushauri: mdogo wangu ana kiuvimbe kwenye korodani

Wakuu, habari zenu. Nipo Nkuhungu, Dodoma. Mdogo wangu ana miaka 22, yuko kijijini Kongwa. Alibalehe mapema sana. Darasa la tano sauti nzito, tukimwita mzee. Nimesoma kwamba wanaochelewa kubalehe wana hatari ndogo kiasi ya saratani ya korodani. Hilo peke yake lisingenitisha.

Kinachoninyima usingizi ni kwamba korodani yake ya kulia haikuwahi kushuka, na hiyo ndiyo moja ya sababu kubwa za hatari. Upasuaji hufaa zaidi ukifanywa utotoni, kabla ya kubalehe. Yeye hakufanyiwa, bibi alisema itashuka yenyewe (tunaisubiri mpaka leo!). Sasa ile nyingine ina kiuvimbe kigumu kisichouma. Kwa kuwa hakiumi, hospitali hataki, na aibu juu. Mganga wa kienyeji kashamwahidi dawa, hiyo siitaki kabisa.

Aliyewahi kupitia hili: pale Benjamin Mkapa twende moja kwa moja, au tupitie hospitali ya wilaya tupate rufaa? Bima hana. Utrasaundi na vipimo vya damu tujiandae na kiasi gani? Na nimwambie nini akubali kupanda basi wiki hii?