Naomba ushauri: kundi letu la kugawana chakula, vingi vinaoza kabla havijachukuliwa

Mleta mada
Wakuu, habari za wakati huu. Kuna kundi la kaya 30 linalogawana chakula kinachozidi: mboga na matunda yasiyouzika, mikate ya jana, na chakula kinachobaki kwenye shughuli. Matangazo hutolewa jioni kwenye kundi la simu, watu huchukua kesho yake. Mboga za majani zinaharibika njiani, kreti nzima haina mwenyewe, na chakula kilichopikwa kinazua ubishi. Nani aamue cha kupokea na cha kukataa? Na majumbani nako taka haipungui. Naombeni mwongozo.

Ghala_Kavu
Mkuu, anzia kwenye muda. Mwenye mzigo atoe taarifa pale tu anapojua utamzidi, hata kama hajauvuna. Taarifa iwe na mambo manne: ni nini, kilo ngapi, kiko katika hali gani, mwisho wa kuchukua ni saa ngapi. "Nyanya zipo nyingi" haimwinui mtu kitini. "Nyanya kilo 18, zimeiva kabisa, leo kabla ya saa 12 jioni" inamwinua.

Kreti ikifika igawanywe hapohapo mafungu ya kilo 1 au 2. Wakati wa kugawa ndipo unapotoa zilizooza, maana nyanya moja iliyopasuka chini ya kreti hulowesha wenzake na ukungu unasambaa.

Kila siku wawepo watu wawili wa zamu, wenye ufunguo na kauli ya mwisho. Muda ukipita, wasitangaze tena: mzigo uende jiko linalopikia watu wengi, usiofaa kuliwa na watu uende kwa mfugaji, unaobaki uende kwenye mboji. Utaratibu huo uandikwe mapema, vinginevyo kila jioni itakuwa mjadala mpya.

Bi_Sufuria
Kwenye chakula kilichopikwa nitakuwa mkali. Bakteria huzaliana haraka kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi. Kilichokaa nje zaidi ya saa 2 kisipokelewe. Joto la hewa likizidi nyuzi 32, mwisho ni muda wa saa 1. Hesabu tangu kilipotoka motoni. Wengi huhesabu tangu wageni walipoondoka, na hapo ndipo watu wanapougua. Pokeeni kile tu ambacho hakijapelekwa mezani.

Msiingize sufuria nzima ya moto kwenye jokofu. Katikati hubaki vuguvugu kwa saa nyingi, na joto lake linaharibu vya jirani. Kimimineni kwenye trei pana, kina kisizidi sentimita 5, trei ikae juu ya maji ya barafu huku mkikoroga. Kishuke hadi nyuzi 21 ndani ya saa 2, kisha hadi 5 ndani ya saa 4 zinazofuata. Lebo ioneshe jina la chakula, tarehe na saa ya kupikwa, na vinavyoleta mzio: karanga, maziwa, mayai, samaki, ngano, soya. Jokofu lisizidi nyuzi 4, chakula kiliwe ndani ya siku 3 au 4, na kipashwe hadi katikati ifike nyuzi 74.

Mleta mada
Asante sana dada. Na wali uliolala nje, ukipashwa hadi ukachemka kabisa?

Bi_Sufuria
Utupwe. Spora (mbegu ngumu) za bakteria aitwaye Bacillus cereus huhimili kupikwa, huamka wali ukipoa polepole, na sumu yao ya kutapisha haivunjwi na moto wa kupashia. Unaweza kunukia vizuri kabisa na bado ukamlaza mtoto.

Mboji_na_Mbegu
Naongeza la uhifadhi. Ndizi mbivu, tufaha na parachichi hutoa gesi ya ethilini, na mboga za majani zikiwa jirani hugeuka manjano. Zitenganisheni. Majani hufa kwa kukosa maji, kwa hiyo yafungwe kwenye kitambaa chenye unyevu na yaoshwe siku ya kupikwa tu. Viazi vikae gizani penye hewa, mbali na vitunguu.

Majumbani ndiko kwenye kazi kubwa. Ripoti ya 2024 ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, inakadiria kuwa mwaka 2022 zilitupwa tani bilioni 1.05 za chakula madukani, migahawani na majumbani, na asilimia 60 hivi ilitoka majumbani. Kila kaya ipime inachotupa kwa wiki mbili na kuandika sababu: kilipikwa kingi, kilinunuliwa kingi, au kilisahauliwa. Kwa kilichopikwa kingi, tumieni kipimo; gramu 75 za mchele mkavu zinamtosha mtu mzima mmoja. Kwa kilichosahauliwa, tengeni rafu ya mbele ya "kiliwe kwanza".

Halafu someni tarehe vizuri. "Bora kabla ya" inahusu ubora, kwa hiyo biskuti zilizopitisha siku chache bado zinagawika. "Tumia kabla ya" inahusu usalama: nyama iliyopitisha tarehe hiyo watu wa zamu waikatae mlangoni, hata aliyeileta akinuna.