Naomba ushauri: gemu yetu na watengenezaji wa konsoli

Ndugu zangu, jambo. Tuko vijana watatu hapa Goma. Tumetengeneza gemu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali ya kubebea mizigo: unateremka kutoka Kibumba na magunia ya viazi, breki ni kipande cha mpira kwenye gurudumu la nyuma. Tunaipenda sana.

Kwenye kompyuta inaenda vizuri. Tunataka ifike Switch, konsoli (mashine ya kuchezea gemu) ya Nintendo, lakini tumetumia Godot, programu ya kutengenezea gemu ambayo msimbo wake uko wazi kwa wote, na zana za konsoli hutolewa kwa siri baada ya kusaini mkataba, kwa hiyo Godot haiji nazo. Tulijaza fomu ya Nintendo, hakuna jibu. Mchapishaji mmoja wa gemu anajitolea kuihamishia Switch, ila anataka nusu ya kinachobaki baada ya duka kukata asilimia 30.

Kuna aliyekubaliwa na Nintendo moja kwa moja, bila mchapishaji, akiwa na RCCM (usajili wa biashara) ya Kongo? Na hiyo nusu, ni haki kweli?