Kumkosoa profesa unayetaka akusimamie: kwenye barua pepe, kwenye pendekezo, au baada ya kudahiliwa?

Mchimbakale
Wakuu, salaam. Naomba nafasi ya udaktari (PhD) wa akiolojia ya pwani, na profesa ninayemtaka yuko Uingereza. Makala yake moja kuhusu utajiri katika miji ya kale ya Waswahili inapima nani alikuwa nacho kwa kuhesabu vigae vya vyombo kutoka Uajemi na China. Wenye nyumba za mawe wanaonekana. Waliokaa nyumba za udongo na miti hawaonekani kabisa. Hapo sikubaliani naye, na ndipo utafiti wangu unapoanzia. Nimwambie kwenye barua pepe ya kwanza, niliweke kwenye pendekezo la utafiti, au ninyamaze hadi nidahiliwe?

Binti Pangani
Kunyamaza kuondoe. Uingereza unaomba ukiwa na pendekezo mkononi, na yeye atalisoma. Ukificha hoja yako, pendekezo halina mguu wa kusimamia, halafu baada ya kudahiliwa unamgeuzia kibao. Barua pepe nayo ni fupi mno: ushahidi hauenei, kinachobaki ni lawama. Mimi naona pendekezo, kwenye mapitio ya maandiko, pale unapoeleza wengine wameandika nini kabla yako.

Kalamu Nyeusi
Inategemea nchi pia. Marekani maombi yanasomwa na kamati, unaanza na masomo ya darasani, na pendekezo kamili huja baadaye. Huko aya moja ya hoja yako inatosha. Ujerumani, kwa ufadhili wa DAAD, shirika lao la kubadilishana wanataaluma, unahitaji kwanza uthibitisho wa profesa kwamba atakusimamia, kwa hiyo barua pepe ina uzito mkubwa. Nisingegusa kasoro bila kuambatisha muhtasari wa pendekezo.

Mzee wa Kilindini
Mimi nawapinga. Vijana wanaandika mistari kumi ya sifa, na profesa anamaliza kusoma bila kujua mwombaji anafikiri nini. Fani hii imekua kwa kupingana! Mwanaakiolojia Chittick alichimba miji ya kale ya Kilwa, Tanzania, na Manda, Kenya, akaona mchango wa wageni wa ng'ambo ndio ulioijenga miji. Mwenzake wa baadaye, Horton, akachimba Shanga, kwenye visiwa vya Lamu, miaka ya 1980, na chini ya msikiti wa Ijumaa akakuta misikiti ya miti, mmoja juu ya mwingine, kuanzia karne ya 8. Akasema mji umekua kutoka kwa wenyeji. Mwaka 2023 utafiti wa DNA ya watu waliozikwa zamani kwenye miji ya pwani ukaonyesha nasaba ya upande wa wanawake ni ya Kiafrika kwa sehemu kubwa sana, na upande wa wanaume wengi walitoka Uajemi, mchanganyiko ulioanza takribani mwaka 1000. Mjadala bado uko wazi. Asiyestahimili swali la mwombaji atakusimamia vipi miaka yote hiyo? Liweke kwenye barua pepe, na mapema.

Mchimbakale
Shikamoo mzee. Nikiandika hivi: "Makala yako imewapuuza wakazi wa nyumba za udongo"?

Binti Pangani
Hapana, hapo umehukumu nia yake. Huenda alifanya kazi na mabaki yaliyokuwa yamefukuliwa wakati ule. Taja kilichomo kwenye makala, kwa mfano: "Jedwali la 3 limehesabu vigae vya nje pekee. Je, tukiongeza vyungu vya kienyeji kutoka nyumba za udongo, tofauti ya utajiri itabaki ileile?" Kisha sema utachimba wapi na utahesabu nini. Mzee, kwa swali la namna hiyo nakubali liende hata kwenye barua pepe.

Na soma kazi zake za karibuni kabla ya kutuma. Mwanahistoria Terence Ranger aliandika mwaka 1983 kuhusu mila zilizobuniwa enzi za ukoloni, na mwaka 1993 akarudi kuirekebisha hoja yake mwenyewe. Ukimkosoa mtu kwa jambo alilokwisha kuliacha, umeonyesha hukumsoma. Zipo pia kazi za Songo Mnara, mji wa kale karibu na Kilwa, na za vijiji vya Pemba zilizoingia kwenye nyumba za udongo. Usipozitaja, atakuuliza.

Mzee wa Kilindini
Marahaba. Na uwatafute wanafunzi wake wa zamani, uwaulize walipotofautiana naye ilikuwaje. Hilo hutalipata kwenye makala.

Mchimbakale
Nashukuru sana. Swali la Jedwali la 3 linakwenda kwenye barua pepe, hoja yote kwenye pendekezo. Hizo kazi za Pemba naanza kuzisoma leo, maana sikuwa nazo.