Tupeane uzoefu: Moshi na vumbi la Dar vinakutesaje huko unakoishi?

Wakuu, habari za jioni. Sensa ya 2012 ilikuta Dar ina watu milioni 4.4, ya 2022 milioni 5.4. Wengi tunalaumu magari kuongezeka. Mimi naona kuna la zaidi: sisi wenyewe tumesogea ulipo moshi. Vyumba vya kupanga vimebanana kandokando ya barabara kubwa, na mtu wa Chanika anakaa foleni akivuta bomba la lori lililo mbele yake. Halafu mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kikomo linachopendekeza cha chembe laini hewani, zile ndogo zisizoonekana kwa macho, kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa mita ya ujazo, wastani wa mwaka. Kwenu hali ikoje?

Boda wa Buguruni: Kijiwe changu kiko karibu na mataa. Malori ya bandarini yanasimama yakiunguruma, yakiruhusiwa yote yanakanyaga mafuta kwa pamoja. Jioni nikipenga kamasi, leso nyeusi tii.

Mama P, Manzese: Nyumba yetu vyumba sita, korido moja. Mvua ikinyesha kila mtu anaingiza jiko la mkaa koridoni. Mimi napikia gesi, lakini mwanangu ana pumu na moshi wa jirani haupigi hodi. Na mkaa ukishakolea msidhani umekuwa salama, ile gesi ya sumu, kaboni monoksidi, haina harufu.

Mzee wa Shamba: Mbona bibi zenu wanapikia kuni kwenye vijumba visivyo na dirisha na hamuwasemi? Mjini mmezidi kudeka.

Mleta mada: Mzee, shikamoo. Kuni za ndani zinaua, sibishi. Ila bibi akitoka jikoni anapumua. Huku ukitoka jikoni unakutana na barabara, ukirudi jirani anachoma taka.

Nesi wa Goba: Hapo kwenye taka! Nilihamia huku kukiwa mikorosho mitupu. Sasa kila kiwanja kina lori la mchanga, na gari la taka halifiki, basi jioni watu wanachoma plastiki na pampasi. Mtaani tumeanza kuchanga buku mbili mbili kwa mwezi, kirikuu inazoa. Moshi umepungua, japo kuna mmoja anachoma usiku tukilala.

Boda wa Buguruni: Nesi, barakoa ya kitambaa inasaidia?

Nesi wa Goba: Vumbi kubwa, kidogo. Chembe laini zinapita. Tafuta N95, barakoa inayochuja hizo chembe, na ibane usoni.

Boda wa Buguruni: Inauzwa wapi kwa bei ya kijiweni?